Siri Hulindwa na Aliyeisikia

Miezi michache iliyopita nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja kwa majina yake matatu mwanamke niliyemfundisha shule ya msingi, ukaambatanishwa na picha ya kitambulisho chake. Ulisema ni tapeli aliyekimbia deni, na kwamba mimi, kwa kuwa namba yangu imo kwenye simu yake, nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni. Deni lenyewe halikufika laki moja. Baadaye nilijua kuwa ujumbe huohuo ulimfikia mchungaji wake, mama mkwe wake, fundi aliyewashonea wanawe sare za shule, na wateja wanaochukua chapati kwake alfajiri. Programu ya mkopo ilikuwa imewakomba wote kutoka kwenye simu yake siku alipobonyeza mahali pa kukubali masharti.

Mambo haya si mageni tena. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Na sheria ya kuwabana wachezea taarifa za watu ilikwishakuwepo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kilichonikosesha usingizi ni maneno niliyoyasikia baada ya habari ya mwanamke yule kuenea mtaani. Mmoja alisema, "Kama hana la kuficha, anaogopa nini?" Mwingine, mtu mzima na msomi, akaongeza kwamba faragha ni mambo ya Wazungu, sisi tumezoea kuishi pamoja na mambo yetu ni ya wote.

Nimeishi pamoja na watu tangu nizaliwe, katika nyumba ambazo kikohozi cha jirani kilikuwa kama cha ndugu yako. Niliyoyaona huko hayafanani hata kidogo na maneno hayo. Ndiyo maana nayaandika.

Nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika kambi ya shamba moja la mkonge, wilayani Korogwe. Baba alifanya kazi korona, kwenye mtambo wa kusaga majani ya mkonge ili kupata singa. Mama aliwauzia wakataji uji na mihogo ya kuchemsha kabla hakujapambazuka. Nyumba zilikuwa safu za vyumba vilivyoshikana. Familia ilipewa chumba kimoja, na wanaume walioacha wake zao makwao walilala wanne wanne. Wengi walitoka mbali: Kigoma, Mbeya, Songea, wengine Burundi na Msumbiji. Waliletwa na mikataba ya manamba enzi za mkoloni, uhuru ukawakuta hapo, miaka ikapita na nauli ya kurudi haikutosha.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kambini kwetu likaanzishwa darasa la kisomo chini ya mwembe. Lakini mtu aliyeamka saa kumi usiku kwenda kukata mkonge, jioni vidole vyake havikunjiki kushika penseli. Barua za kwao wakawa wanaandikiwa. Nilipofika darasa la tano, mwandishi wao nikawa mimi.

Shambani palikuwa na makarani wenye hati nzuri kuliko yangu, na kwa miaka mingi nilijiuliza kwa nini wazee wazima walimfuata mtoto wa kike aliyekuwa bado anakosea herufi kubwa na ndogo. Mama ndiye aliyenieleza, kwa maneno aliyoyasikia kwa mkataji mmoja wakati akinywa uji: "Karani ndiye anayejaza kipande changu cha kazi. Siku tukikosana, atakuwa ameshika mshahara wangu na barua yangu pia." Yule mzee hakwenda shule hata siku moja, lakini alilijua jambo ambalo watunga sheria wamelifikia juzi. Kinachomtia mtu hofu ni kuona anayeyajua mambo yake ndiye huyohuyo mwenye uwezo wa kumuumiza. Mimi sikuwa na uwezo wa kumuumiza mtu, kwa hiyo nilifaa.

Kambini alikuwepo mzee mmoja wa Kiha ambaye watoto wote tulimkimbia. Hakucheka na mtu, na penye bomba la maji hakukosa wa kugombana naye. Jumapili moja alikuja barazani kwetu na karatasi aliyoikunja mara nne, akakaa kwenye kigoda, akaniambia andika. Tukaanza kama ilivyokuwa desturi: hali yangu ni njema, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Kisha akanyamaza. Alipoanza tena, sauti yake sikuitambua. Alitaka kujua kama yule binti mdogo bado anaogopa mbuzi. Aliuliza upande wa jikoni, pale paa linapovuja, nani anamshikia mke wake ngazi anapopanda kuziba. Mwisho akasema: "Mwandikie hivi. Usiku nasikia unakohoa, halafu nakumbuka uko Kasulu."

Niliinua uso. Alikuwa anautazama ukuta, mkono wake mmoja umeshika goti kwa nguvu kama mtu anayejizuia kusimama. Kesho yake nilimkuta bombani anamfokea mtu kama kawaida yake.

Baba alinipa sharti moja tu la kazi ile. Ukishafunga bahasha umesahau. Ukikutana naye njiani, mwamkie kama ulivyomwamkia jana. Nililishika. Sikumwambia mtu, hata mama, kwamba yule mkali wa bombani alikuwa na maneno laini kuliko yote niliyowahi kuyaandika. Nikajifunza mapema kwamba mtu tunayemwona ni sehemu ndogo ya mtu aliyepo, na kwamba ile sehemu kubwa huonyeshwa yule tu ambaye hataipeleka popote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kambi nzima ililala jirani na yule mzee, na kitanda chake hawakukijua.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana. Huko nilikutana na utaratibu mwingine. Barua zote zilizokuja kwetu zilifunguliwa kwanza ofisini, na tulizoandika sisi zilipelekwa zikiwa wazi. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kutulinda na wanaume, na naamini waliousimamia utaratibu ule walikuwa wakweli katika nia yao.

Asubuhi moja tukiwa mstarini, mwalimu wa zamu alitoa barua mfukoni na kuanza kuisoma kwa sauti, ili liwe fundisho kwa wote. Ilianza na "mpenzi", na hilo lilimtosha kudhani anajua ni barua ya namna gani. Tukacheka, kama wasichana wa umri ule wanavyocheka. Mstari wa tatu ukaonyesha kwamba aliyeandika ni kaka wa mwenzetu mmoja wa kidato cha pili. Mstari wa tano ukasema mama yao amezidiwa tena na kurudishwa Mirembe. Kila mtu nchini anajua Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwalimu akanyamaza, akaikunja ile karatasi. Lakini wasichana zaidi ya mia tatu tulikuwa tumeshasikia, na tukageuka kwa pamoja kumtafuta mwenyewe.

Mwenzetu yule hakulia. Alisimama wima mpaka wimbo wa taifa ukaisha. Tangu siku hiyo hakupokea tena barua, kwa sababu alimwomba kaka yake asimwandikie. Kwa miaka iliyobaki hakujua hali ya mama yake mpaka likizo. Na sisi wengine? Tulijifunza kuandika barua mbili: moja ya kupita ofisini, na moja ya kumpa mama muuza maziwa akaitumie posta. Ofisi ile ilisoma barua zetu kila wiki, na kila wiki ilizidi kutotujua.

Wakubwa wengi hawalioni jambo hilo. Huamini kwamba wakiondoa pazia watamwona mtu alivyo. Aliyefunuliwa kwa nguvu hurudi ndani zaidi, na mbele yako huacha sura aliyoitengeneza kwa ajili yako. Anayetaka kweli ya mtu lazima kwanza ampe nafasi ya kunyamaza. Wakati ule Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu. Iliongezwa mwaka 1984, na Ibara ya 16 ikatamka kuwa kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu, nilimkumbuka yule msichana.

Katikati ya miaka ya themanini nikapangiwa kufundisha Tanga mjini, nikapanga chumba Ngamiani, kule ambako mitaa inaitwa kwa namba za barabara. Nyumba ilikuwa ya kawaida ya Waswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, bafu na choo vya watu wote. Dari haikuwepo. Kuta zilikoma chini ya bati, zikaacha uwazi ambao hewa na maneno vilipita bila kizuizi. Mtu akijigeuza kitandani chumba cha tatu, wa kwanza wanajua. Siku niliyohamia, Bibi mwenye nyumba alinionyesha chumba, akanipa ufunguo, kisha akasema: "Mwalimu, humu ndani masikio ni ya wote. Mdomo kila mtu na wake."

Palikuwa na adabu nyingi zilizoijenga faragha mahali ambapo matofali hayakutosha. Mlango ulioshushwa pazia ulikuwa mlango uliofungwa, na hodi ilipigwa tatu, usipoitikiwa, unaondoka. Mume na mke wakianza kugombana usiku, Bibi aliongeza sauti ya redio, na Redio Tanzania ikawasitiri mpaka wakatulia. Asubuhi wote walikutana uani kwenye ndoo za maji, wakaulizana hali, na hakuna jicho lililokaa sana usoni kwa mwenzake. Mtoto aliyerudia uani maneno aliyoyasikia usiku alifinywa palepale na mama yeyote aliyekuwa karibu.

Katika vyumba vile aliishi baba mmoja aliyefanya kazi kiwandani. Viwanda vya Tanga vilianza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi aliendelea kutoka saa moja kasoro, shati limenyooka kwa pasi ya mkaa, begi la chakula begani. Tulijua. Nyumba nzima ilijua, kwa sababu mpangaji wa mbele alimwona zaidi ya mara moja amekaa peke yake chini ya mti karibu na Tangamano, begi mapajani, akisubiri saa za kutoka kazini zifike. Jioni akirudi tulimwambia, "Za kazi, baba?" Naye alijibu, "Salama, tunashukuru." Mwisho wa mwezi Bibi alipita chumba hadi chumba kuchukua kodi. Kwake hakupiga hodi. Baadaye, walipopishana ukumbini, alimwambia, "Ya kwako utanipa ukipata nafasi, mwanangu, mimi nina akiba," akaendelea na njia yake. Miezi ilipita, mtu yule akapata kazi bandarini, akalipa kodi yote. Mpaka nahama, hakuna aliyemwonyesha kwamba tulijua.

Wapo watakaosema ule ulikuwa unafiki, kuulizana za kazi ambayo haipo. Mimi nasema tulimpa muda. Tulimwachia aamue mwenyewe siku ya kusema, na tukamwachia pia njia ya kutosema kabisa. Mtu aliyepoteza kazi alibaki na kitu kimoja mkononi, namna ya kujieleza kwa wenzake, na nyumba ile ilikataa kumnyang'anya.

Lakini Bibi huyohuyo, usiku mmoja, alisikia kutoka chumba cha mwisho sauti ambayo haikuwa ya ugomvi wa maneno. Hakugusa redio. Alikwenda akaupiga mlango kwa kiganja, hakungoja karibu, akausukuma kwa bega na kumtoa mke wa mle ndani akiwa anavuja damu mdomoni. Alimlaza chumbani kwake, na alfajiri akampeleka mwanamume kwa balozi wa nyumba kumi. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi kuhusu mpaka wa faragha. Ugomvi wa ndani ni wao. Mwili wa mtu ukianza kuumizwa, mlango si wao tena. Wanaotumia sitara kuficha kipigo, au kumficha mtu mzima anayemchezea mtoto, hawasitiri chochote. Wanashirikiana na mkosaji.

Agosti 2002 nilikuwa miongoni mwa walimu wengi walioteuliwa kuwa makarani wa sensa. Tulifundishwa, tukala kiapo cha kutunza siri, tukaambiwa kwamba Sheria ya Takwimu inatufunga kwa kila tutakachoandika. Hesabu ile ilitupa idadi ya Watanzania milioni 34.4, na ndivyo inavyokumbukwa, kwa namba. Mimi naikumbuka kwa swali moja. Katika baadhi ya maeneo lilitumika dodoso refu, na humo wanawake waliulizwa wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki.

Nilifika kwa mama mmoja wa makamo, mtu wa kicheko na maneno mengi, aliyekuwa anapepeta mchele uani huku wanawe wawili wakipasua kuni. Alinijibu maswali yote kwa mzaha mpaka nilipofika lile. Akaweka ungo chini. Akawatuma vijana dukani wakalete chumvi, ingawa niliona kopo zima dirishani. Walipotoka akaniambia, "Saba. Walio hai ni hao wawili." Kisha akawataja wale watano majina yao moja baada ya jingine, na umri aliofikia kila mmoja. Dodoso halikuhitaji majina. Nilishusha kalamu nikasikiliza. Alipomaliza akafuta uso kwa upindo wa kanga: "Andika tano, mwalimu. Hajawahi mtu kuniuliza." Vijana waliporudi na chumvi, kicheko chake kilikuwa kimesharudi.

Nilitoka pale nikiwa nimefundishwa upande wa pili wa faragha. Watu wa kawaida hawaishi wakitaka kujifungia milele. Wapo wanaongoja miaka kumi, ishirini, waulizwe. Lakini wanataka wao ndio wachague nani asikie, saa ngapi, na nani atolewe kwanza uani. Mama yule alinifungulia kwa sababu nilikuja na kitambulisho shingoni na kiapo nyuma yake, na kwa sababu kesho nisingekuwepo kisimani. Kiapo kile hakikuwa karatasi ya serikali tu. Ndicho kilichofanya taifa liambiwe ukweli. Nchi ambayo makarani wake wangesema ovyo ingeletewa takwimu za uongo, na ingejenga zahanati kwa kuzifuata.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu. Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria iliyokataza kutoa majibu ya mtu bila ridhaa yake. Zilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mtu mwenye jina dogo aliendelea kupanda basi kwenda kuchukulia dawa wilaya nyingine, kwa sababu foleni ya kliniki ya kwao ilipangwa nje, usawa wa kituo cha daladala.

Katika shule niliyofundisha wakati huo, mwalimu mwenzangu aliniomba nafasi katika kabati langu lenye kufuli. Aliweka boksi la chaki. Kila siku saa nne, wakati wa chai, alichukua ufunguo, akalifungua, akageuza mgongo kidogo, akanywa maji. Siku moja boksi lilianguka nikaliokota. Chini ya vipande vya chaki palikuwa na kichupa cha plastiki kilichoshindiliwa pamba hadi kwenye kifuniko, ili vidonge visitoe mlio mtu anapotembea. Nilikirudisha, nikapanga chaki juu yake kama zilivyokuwa. Hakuniambia, na sikumwuliza. Tulikunywa chai pamoja kwa miaka, tukazungumza mitihani, watoto na bei ya sukari. Amestaafu, ana afya njema.

Kuna methali mbili ambazo wakati ule zilirudiwa sana kwenye semina: mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha uchi hazai. Ni kweli zote mbili. Lakini mzazi anayejifungua hafunui uchi wake sokoni. Humfunulia mkunga, na kazi ya kwanza ya mkunga mwema ni kufunga mlango. Mwenzangu hakuficha maradhi, alimfunulia daktari. Aliweza kumfunulia kwa sababu kulikuwa na kabati, kufuli na mtu asiyeuliza. Tungemwondolea hivyo, angeacha dawa.

Sasa narudi kwa yule bwana aliyesema mambo yetu ni ya wote. Ni kweli kwamba kambini, Ngamiani na ofisini kwetu watu walijua mengi ya wenzao, kuliko inavyojua programu yoyote ya simu. Lakini kila aliyejua naye alijulikana. Bibi alijua kwamba mpangaji wake hana kazi, na mpangaji alijua Bibi ana mwana aliyepotelea Mombasa. Walioyajua mambo yako ndio waliokuja kukuchimbia kaburi na kukupikia hitima. Kujuana kule kulikuwa na deni la pande mbili, na deni hilo lilifunga midomo. Anayekusanya leo majina, picha na namba zetu hatumjui sura wala mahali anapolala. Anatujua, sisi hatumjui. Yuko kama yule karani wa shamba aliyeogopwa na wakataji, ila huyu ana vipande vya kazi vya mamilioni ya watu.

Nasi tuliopo tumeanza kuisahau adabu ya uani. Mwaka huu nilinunua karanga stendi, nikafungua karatasi iliyozifungia, nikakuta ni ukurasa wa rejista ya zahanati: majina kamili, umri, mtaa, kipimo na majibu. Muuzaji ni kijana mdogo anayenunua karatasi kuukuu kwa kilo. Kosa si lake. Niliipeleka kwa mganga mfawidhi wa zahanati iliyohusika nikamkabidhi mkononi. Pale pembeni ya stendi, wakala wa fedha alikuwa ameacha wazi daftari lake, jina la kila mteja na kiasi alichotoa, na watu waliokuwa foleni walisoma huku wakingoja zamu. Shuleni tunabandika ukutani orodha ya watoto wasiolipa mchango wa chakula. Hapo hakuna programu wala mgeni. Ni sisi.

Kwa hiyo, kwa wale wanaouliza mtu asiye na la kuficha anaogopa nini, nina jibu nililolipata kwa watu. Watu ambao nimeyajua mambo yao hawakuwa wahalifu. Mmoja alificha hamu ya mkewe. Mmoja alificha ugonjwa wa mama yake. Mmoja alificha siku zisizo na kazi, mwingine makaburi matano, mwingine kichupa cha vidonge kinachomweka hai. Hakuna hata moja la kuonea haya mbele ya Mungu. Ni mizigo ya kawaida ya binadamu, na kila mmoja aliibeba kwa namna aliyoiweza ili asubuhi aamke akafanye kazi. Ukimwaga mzigo huo barabarani humpunguzii uzito. Unamwondolea nguvu ya kuubeba.

Ombi langu ni kwa kila mwenye daftari la watu mkononi: nesi, mwalimu, wakala, karani, katibu wa kikundi cha kukopeshana. Uliza unachohitaji tu. Mwambie mtu kwa nini unauliza. Funga daftari ukimaliza, na likichakaa lichome moto usiliuze kwa kilo. Orodha za wadaiwa zitoke ukutani, mzazi aitwe ofisini aelezwe kwa heshima. Na wewe mwananchi, ujue kwamba sheria inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zinakusanywa kwa ajili gani, haki ya kutaka zirekebishwe au zifutwe, na haki ya kumshtaki kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yeyote anayezitumia kukudhalilisha. Haki hiyo haikutungwa kwa ajili ya matajiri wenye kuta ndefu. Aliyepanga chumba kimoja ndiye anayeihitaji zaidi. Itumie.